Choo cha Matanga

Funza walianza kutoka nje wenyewe. Kabla ya hapo tulikuwa tunasema choo kimejaa, kama mtu anavyosema gunia limejaa, na maisha yanaendelea. Lakini asubuhi ile mvua ilipokatika, nilisogeza pazia la gunia lililokuwa mlango wa choo chetu nikaona sakafu inatembea. Walikuwa weupe, wanene, na mikia. Walipita juu ya mbao, wakapanda ukuta wa udongo, na wengine walikuwa wamekwisha kuvuka uwanja mpaka kwenye bati ninapoanikia samaki. Nilimwita mdogo wangu anayenifuata, akaleta majivu ya jikoni, akayamwaga yote. Wakaendelea kutembea ndani ya majivu. Kitu kilichobadilika ni rangi yao.

Nililitupa bati lote la samaki siku ile. Hata mbwa wa jirani alinusa akaondoka.

Tuko wanne na mimi ndiye wa kwanza. Baba alitangulia, mama akamfuata, na siku ya mwisho ya matanga ya mama wakubwa wa ukoo waliotoka Mahagi walikaa kwenye viti vya plastiki wakatugawanya. Huyu ataenda kwa baba mdogo, huyu kwa shangazi kando ya ziwa, yule wa mwisho kwa masista. Walisema kwa upole sana, kama watu wanaogawana nyama ya sikukuu na hawataki ugomvi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuacha shule tangu mama alipoanza kuugua, nikashika biashara yake ya samaki wadogo wa ziwa. Nilisimama nikasema, "Hapana. Siye hatuachane."

Baba mdogo, ndiye anayemfuata baba kwa kuzaliwa, alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Sawa, mama," akasema. "Baki nao. Lakini nitakuya kuona. Siku nitakuta banaishi mubaya, nitabeba bale batoto, na hautasema neno."

Nikakubali mbele ya watu wote. Neno hilo ndilo nililoishi nalo tangu siku ile, na ndiyo sababu funza wale walinitisha kuliko walivyonichukiza, ingawa walinichukiza vya kutosha.

Parseli tunayokaa ina nyumba tatu za udongo na choo kimoja. Sisi tuko kwenye nyumba ya kando ya barabara. Ya katikati yuko mama anayeuza makala, yale makaa ya kupikia, na mume wake na watoto. Chumba cha nyuma yuko kijana motari, anayebeba watu kwa pikipiki mpaka Iga Barrière na kurudi. Mama yetu alipopanga, aliiweka garanti, ile pesa ya kuingilia nyumba, mikononi mwa bibi mzee aliyekuwa mwenye parseli. Bibi huyo alikuwa mtu wa kusikia. Ukuta ukipasuka, anakuja na udongo. Kisha akazeeka, akahamia kwa mwanawe mtaa mwingine, kwenye nyumba yenye choo cha vigae ndani, na mwanawe ndiye akawa anakuja kwetu kila mwisho wa mwezi.

Tulimwita Bayeri, kama wapangaji wote wa Bunia wanavyowaita wenye nyumba. Alikuwa mtu wa dhahabu, anapanda Mongbwalu kununua, anashuka kuuza. Alivaa viatu vya ncha na alijipaka manukato mengi hivi kwamba tulikuwa tunajua amefika kabla hajafungua lango. Hayo manukato yakichanganyika na harufu ya shimo letu, nakuambia, harufu ya shimo peke yake ilikuwa afadhali.

Siku ya funza tulimngoja wote uwanjani.

"Papa, vese imejala," mama wa makala akaanza, akionyesha choo. "Fosi, shimo yenyewe, inatapika."

"Inatapika?" Akacheka, leso puani. "Ni nyiye munaijaza. Baba yangu alichimba ile shimo kwa jamaa moja tu. Nyiye munakuya humu, munazaana kama panya, kisha munashangaa shimo inajala."

"Sasa tusikule?"

"Kuleni kidogo."

Motari alikuwa anapangusa pikipiki yake. Hakuinua hata kichwa. "Bayeri, kule kwako batu banakunyaka maua?"

Watoto wakacheka, na mimi nikacheka, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu Bayeri alinitazama mimi. "Nitatuma batu ya kuchimba," akasema. Akachukua kodi yake, akatembea kwa vidole mpaka langoni kama mtu anayevuka matope, na hakutuma mtu.

Mwezi uliofuata alisema vilevile. Na ule mwingine. Mvua zilikuwa zinanyesha, maji yanaingia shimoni, yanapandisha kila kitu juu, yanakimwaga uwanjani mpaka kwenye kizingiti cha mama wa makala. Ubao mmoja wa sakafu uliliwa na unyevu ukavunjika, tukawa tunasimama kwenye ule uliobaki, mkono mmoja ukutani, na ukuta wenyewe umelowa kitu usichotaka kukijua. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, alikataa kuingia. Alijizuia tangu asubuhi mpaka shuleni, na siku zisizo na shule alijizuia tu, tumbo likawa gumu kama ubao. Nikawa nampeleka kwa jirani ng'ambo ya ua. Mara ya kwanza jirani alisema karibu. Baadaye akawa anajibu kwa kichwa tu. Baadaye tulikuta ametia kufuli, naye amekaa hapohapo anachagua maharage, anasema funguo imepotea. Sikumlaumu. Mtu anaweza kukupa chumvi kila siku asichoke, lakini choo ni kitu kingine.

Wanunuzi wangu nao walianza kunusa samaki. Mwanamke mmoja, mteja wa mama tangu zamani, aliinua fungu mpaka puani, akalirudisha polepole, akaniambia pole kama mtu anayempa mwenzake pole ya msiba. Nikahamisha bati la kuanikia kwa rafiki yangu wa sokoni.

Nilikwenda kwa shefu wa avenyu. Yeye ndiye mkubwa wa barabara yetu, mwenye muhuri, na anakaa barazani kwake akitengeneza redio. Alinisikiliza vizuri.

"Sheria iko wazi, mutoto wangu," akasema. "Fosi, ukuta, manjanja ya juu ya nyumba, bile byote biko juu ya bayeri. Weye mupangaji unatengeneza kitasa na kioo. Na hawezi kukufukuza ghafla kwa sababu umesema. Anapashwa kukupatia preavi, kwa maandishi, na miezi ya kutafuta kwingine."

Nilifurahi mpaka miguu ikawa myepesi. Sikuwa najua kama kuna mahali palipoandikwa kwamba choo changu ni kazi ya mtu mwingine. "Sasa utamwita, papa?"

"Nitamwita."

Na kweli alimwita. Nilipita mbele ya nganda, pale wanapouza pombe, nikitoka sokoni nikawaona wawili wamekaa, chupa katikati, wanacheka. Kesho yake Bayeri alipita kwetu, jambo ambalo hakulifanya kamwe katikati ya mwezi. "Umenishitaki, weye mutoto ya samaki?" akasema. "Nuka na samaki zako kwanza." Kisha wakaja watu wa usafi, wakaangalia choo kutoka mbali, wakaandika faini. Waliiandika kwa jina la mama wa makala, kwa sababu ndiye waliyemkuta nyumbani.

Hapo ndipo simu ya baba mdogo ilipokuja. Baada ya Pasaka atafika Bunia, anataka kutuona. Wadogo zangu walifurahi. Mimi nilitoka nje nikatazama ule ua, nikauona kwa macho yake.

Siku chache kabla ya Pasaka, bibi mzee akafa kule kwa mwanawe. Tulimlilia kweli, alikuwa mtu wetu. Ukoo ukaamua matanga yatafanyika kwenye parseli yetu, si kule kwa vigae, kwa sababu hapa ndipo yeye na mumewe walipoanzia Bunia, na watoto wote walizaliwa hapa. Watu walikuwa wanatoka Bule, Mongbwalu, Mahagi, wakubwa, wakwe, watu wa kanisa. Wote watalala kwenye uwanja wetu chini ya bashi, lile turubai la msiba. Na wote watauliza choo kiko wapi.

Bayeri alifika asubuhi mapema na pickup imejaa saruji. Nyuma yake watu wawili na sururu.

Kwetu msiba ukiingia ndani ya parseli, wapangaji si wapangaji tena, ni watu wa msiba. Hakuna anayekuagiza, unaamka tu ukafanye. Motari alikwenda kutafuta bashi. Mama wa makala alitoa makala yake bila kuulizwa bei. Mdogo wangu wa kiume aliingia shimoni na wale wachimbaji akachimba mpaka tukawa tunaona ncha ya sururu tu ikipanda na kushuka. Mimi nilibeba maji ya saruji kutoka kisimani, nikarudi, nikabeba tena, na wala sikuhisi uzito. Shimo refu, sakafu ya saruji, kuta za manjanja, yaani mabati mapya, mlango wa mbao wenye kitasa. Kitu tulichokiomba mvua nzima kilisimama kabla jeneza halijafika. Mama wa makala alikizunguka akikigonga kwa kidole kama mtu anayenunua sufuria. "Bibi huyu," akaniambia kwa sauti ya chini, "hata kufa kwake ametukumbuka."

Mimi nilikuwa nawaza baba mdogo. Nilijiona namwonyesha mlango ule.

Saruji ilipokauka, Bayeri akatia kadena. Funguo alimpa mpwa wake, msichana aliyekaa kwenye kiti kidogo kando ya mlango na ndoo ya maji na karatasi laini. Mdogo wetu wa mwisho alikwenda pale mbio, magoti yamebanana.

"Hii ni ya bageni," yule msichana akasema.

Mtoto akaja kuniita. Nikaenda mwenyewe. Bayeri alikuwa karibu, anapokea mikono ya watu wa pole, na leo leso ilikuwa ya kufuta machozi. Nikangoja amalize.

"Papa, mutoto anaomba kuingia."

"Nyiye muko na yenu," akasema, akageukia mtu mwingine aliyekuja kumpa pole.

Basi siku zote za matanga yale ndivyo tulivyoishi. Tulichota maji ya wageni, tukapika maharage na sombe ya wageni, tukasonga foufou ya wageni, na haja ikitushika tulipita mbele ya choo kipya tulichokichimba, tukaenda nyuma kwenye ubao mmoja na funza. Motari alitaka kuivunja kadena. Alikuwa ameshika chuma tayari. "Yaya, dada yangu, pigo moja tu," akaniambia. Nilimzuia. Mtu anayevunja mlango kwenye matanga ndiye atakayesemwa, na aliyetia kufuli atasahauliwa. Mama wa makala naye alinisihi ninyamaze. "Ni msiba, mama. Meza tu."

Nilimeza. Lakini siku ya mwisho ina desturi yake. Kabla ya kuinua matanga, msemaji wa ukoo husimama akauliza kama kuna mtu mwenye deni na marehemu, au kama marehemu aliondoka na deni la mtu. Atakayesema siku hiyo anasikilizwa, hata akiwa nani, na ukoo lazima ujibu, kwa sababu marehemu asiende na mzigo. Baada ya hapo mlango umefungwa.

Msemaji akauliza. Mwanamke mmoja akarudisha sufuria. Mzee mmoja akasema marehemu alimwazima shoka na yeye alilivunja, watu wakacheka, wakamsamehe. Kisha mimi nikasimama. Mikono yangu ilikuwa bado na unga.

"Miye niko na deni," nikasema. "Marehemu anadaiwa kwetu."

Bayeri akainua kichwa.

"Mama yangu alitia garanti mu mikono ya marehemu. Marehemu akamupatia nyumba na choo. Nyumba iko. Choo ilikufa zamani."

"Na hatukuifanyia matanga," motari akasema kutoka nyuma, na vijana wakacheka.

"Hii mupya, siye bapangaji tuliichimba na mikono yetu. Mutoto wetu wa mwisho anakatazwa kuingia. Ninaomba ukoo. Marehemu alikuwa mutu muzuri kwetu, asiende na hii deni."

"Huyu ni mupangaji," Bayeri akasema, amekwisha kusimama. "Anatafuta tu…"

"Kaa." Aliyesema ni shangazi yake, dada wa baba yake, mwanamke mnene aliyetoka Bule na kitambaa cheusi kichwani. Akanigeukia. "Iko wapi, ile ya zamani?"

"Nyuma kule, mama."

Akainuka kwa shida, akaenda, na wanawake wengine wakamfuata. Sisi wengine tulibaki tunasikiliza. Tulisikia mmoja anapiga kelele, mwingine anaita jina la Yesu. Shangazi alirudi anasugua kisigino kwenye majani, anatema mate, anatema tena.

"Hawa batu," akasema, na alikuwa ananionyesha mimi, "siku zote banatupikia. Banatoka kule, banakuya kusonga foufou tunakula?"

Niliona watu wanawaza walichokula tangu Jumatatu. Mwanamke mmoja wa kanisa aliweka sahani yake chini, akaisukuma kwa mguu. Mwingine aliangalia mikono yangu, ile yenye unga. Sijui kama naweza kueleza jambo hilo. Nilikuwa nimesimama na haki yangu, shefu wa avenyu mwenyewe alinieleza ni haki, na kinyaa cha watu wote wale kilikuja kikakaa juu yangu. Kwa Bayeri hakikufika. Yeye alikuwa bado ananukia.

Lakini shangazi alikuwa hajamaliza. Alinyoosha mkono kwa Bayeri, kiganja juu. "Unataka mama yako aende na mavi ya batu? Leta funguo."

Alileta. Nini angefanya, mbele ya wakwe? Shangazi akaniwekea funguo mkononi bila kuugusa mkono, akaiachia tu idondoke. Na shefu wa avenyu, aliyekuwa mstari wa mbele na soda yake, akakohoa akasema kwa sauti ya kazi, "Choo ni ya parseli. Nimesikia."

Wiki ile ile Bayeri alirudi na watu wawili na ngazi. Hakusalimu. Wakaegemeza ngazi kwenye ukuta wetu wakaanza kung'oa manjanja ya paa. Kila mpangaji anaijua njia hiyo. Hawakufukuzi, wanakufunulia mvua tu, utaondoka mwenyewe. "Ninafanya kazi ku nyumba yangu," akasema. "Muhame."

Nilimtuma motari kwa shefu. Kisha niliwaita wadogo zangu ndani, nikaweka sufuria motoni, tukakaa chini ya msumari unaolia. Bati la kwanza lilitoka, jua likaingia kwenye kitanda cha mama. Mdogo wa mwisho akauliza kama tutahama. Nikamwambia apange sahani.

Shefu alifika nyuma ya pikipiki. Alijua avenyu nzima inamtazama, na safari hii hapakuwa na chupa katikati. "Preavi, papa," akasema. "Kwa maandishi. Miezi yake ipite. Bila ile, rudisha manjanja ya batu."

"Nyumba ni yangu."

"Nyumba ni yako. Na preavi ni yao."

Watu wa ngazi walishuka wenyewe. Bati waliliacha chini, motari na mdogo wangu wakaligongelea tena, na mpaka leo linavuja kwenye matundu ya misumari ya zamani. Shimo la zamani nalo tulilifukia kwa udongo wa lile jipya. Jua likiwaka sana bado linajisema.

Baba mdogo alifika na kuku wawili na gunia la maharage. Aliwaangalia watoto mmoja mmoja, akawafunua macho, akawapapasa matumbo. Aliangalia sufuria. Akaangalia paa. Kisha akauliza choo. Nikampa funguo, nikasimama na mdogo wa mwisho, na alikuwa amenishika kitenge kwa mikono yote miwili. Baba mdogo alikaa huko muda. Alipotoka aligonga ukuta wa manjanja kwa kidole, kama mama wa makala, akatikisa kichwa kukubali.

Hapo ndipo manukato yalipoingia langoni. Ulikuwa mwisho wa mwezi.

Bayeri alimwona mgeni, akamwona na funguo mkononi, na uso wake ukafunguka. "Karibu, papa. Weye ni wa hii jamaa? Ni miye niliwajengea hiyo. Batoto bayatima, unajua, inaumiza roho."

Baba mdogo alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo, yeye mtu mzima. "Mungu akubariki, papa. Kuko batu wachache kama weye."

Mama wa makala aliacha kupepeta. Motari alinitazama. Bayeri naye alinitazama, juu ya bega la baba yangu mdogo aliyeinama, anangoja. Mate yalinijaa mdomoni, yale yanayokuja kabla ya kutapika. Nilijua nikisema ukweli nitalazimika kuusema wote: ubao mmoja, funza, tumbo la mtoto, bati lililong'olewa, preavi itakayokuja. Na baba mdogo alikuwa ameahidi.

"Ni kweli, mama?" akaniuliza.

"Choo iko, baba mudogo," nikasema.

Bayeri akaninyoshea mkono mimi pia. Ulikuwa laini na umelowa jasho. Nikaupokea.

Kesho yake baba mdogo alipanda gari la Mahagi peke yake. Tulisimama wanne kando ya barabara tukimpungia mpaka vumbi likamfunika. Mimi nilipunga kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia nilikuwa nimeusugua kwa majivu na sabuni, na bado ulikuwa unanukia.